Mashine Ilisema Gachanja ni Mmoja

Mwanamke mwenye begi la kijani alipita katikati ya makoti ya mitumba bila kugusa hata moja. Hapo ndipo Nanyama alipojua kwamba anakimbia.

Hakuna mtu anayepita Soko la Toi namna hiyo. Hata aliyefiwa hushika mkono wa koti, akauliza bei, akasonya, ndipo akaendelea na msiba wake.

Wanaume wawili walimfuata. Mmoja alivaa jaketi la ngozi ingawa jua la Aprili lilikuwa linachoma kabla ya mvua. Mwenzake alikuwa na redio ya Motorola aliyoificha chini ya gazeti, na watu wote wa mstari wa viatu walishaiona.

Nanyama akawafuata wote watatu, polepole. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, goti bovu, na bastola ya Ceska iliyomchubua kiuno kila alipoinama. Alikuwa mpelelezi bora wa Kitengo, idara ya siri ya serikali. Siku hizi sifa hiyo ilimchosha kuliko goti.

Akainamia kola ya blauzi yake.

"Jiko, Mwiko hapa. Nimemwona. Ana wageni wawili."

"Mwiko, Jiko. Kanda iko naye?"

"Begi amelikumbatia. Nafikiri iko."

"Tunataka vyote viwili. Kanda na mtu."

"Nikipata kimoja tu?"

Redio ikakatwa. Majina ya Jiko na Mwiko aliyabuni Simeon, mkuu wa Kitengo, mtu mnene aliyependa kula na ambaye hakupenda maswali.

Mwanamke wa begi akakata kushoto kwenye kona ya suruali za jinzi. Wawili wale wakaongeza mwendo. Mwenye jaketi akaingiza mkono kifuani.

Nanyama akaokota kiatu cha Timberland, cha mguu mmoja, kizito kama tofali.

"Mathe, hicho ni mia nane," mwenye kibanda akasema.

"Nakijaribu kwanza."

Akamjaribia mwenye jaketi kisogoni. Jamaa akaanguka kifudifudi kwenye lundo la soksi. Mwenzake akageuka, akaona Ceska kwa chini, mahali ambapo wateja hawangeiona, akachagua kukimbia. Redio ikamponyoka.

Nanyama akaiokota. Sauti ya mzungu ilikuwa inaongea ndani yake, Kiswahili kilichonyooka kama kilichofundishwa darasani.

"Mmepata kanda? Jibuni. Mmepata kanda?"

Aliijua sauti hiyo. Brandt. Akaizima, akarudisha kiatu.

"Kinabana," alisema.

*

Mwanamke mwenye begi aliitwa Akoth. Nanyama alimkuta nyuma ya kibanda cha chai, amechuchumaa kati ya mapipa mawili ya maji.

"Mimi ni wa Kitengo," Nanyama alimwambia. "Kunywa chai. Ukishamaliza utaniambia ni kwa nini ulitoka na kanda ofisini."

Kitengo kilikuwa na ghala. Si la mahindi. Lilikuwa ghala la nyaraka ndani ya kompyuta, ambamo kila mtu wao aliwekewa picha yake, sauti yake na ripoti zake. Ghala hilo lilikaa juu ya hifadhidata ya kampuni ya kigeni iitwayo Meridata, na Brandt ndiye aliyekuwa fundi wao hapa Nairobi. Alikuwa amevuta waya wa simu hadi kwenye mashine ili, alivyosema, aitengeneze akiwa kwake. Kitengo kilimshukuru sana.

Mwaka uliopita wapasha habari wawili wakauawa. Nanyama alihudhuria mazishi yote mawili, amesimama mbali kama mtu aliyepotea njia. Ndipo kichwa kimoja pale juu kikauliza huo waya wa simu unakwenda wapi.

Brandt alikuwa anasoma ripoti na kuwauzia wasafirishaji wa bunduki. Majina hakuyapata, yalikuwa yamefungwa kwa nenosiri; wale wawili aliwakisia. Kitengo kikaamua kuhamisha ghala lote kwenda hifadhidata nyingine, isiyo na waya wala Brandt. Akoth ndiye aliyefanya kazi hiyo, wiki baada ya wiki. Asubuhi ya leo mashine ya zamani ilizimwa, na mpya ikaanza kazi.

"Ili nihamishe vitu ilibidi nifungue kila kitu," Akoth alisema. "Majina yote. Kwa hii kanda, nakala ya ghala lote, yako wazi."

"Na amri ilikuwa uichome."

"Najua, madam. Lakini mimi sichomi ya zamani kabla ile mpya ilale kwa nyumba wiki moja nikiiangalia. Hata mama yangu hatupi sufuria hivyo."

Nanyama alitaka kumkaripia akakosa nguvu. Pengine binti huyu alikuwa na akili kuliko wao wote. Akabonyeza kola.

"Jiko, Mwiko. Ninavyo vyote viwili."

"Safi. Rudi. Omolo ataingia Kawangware saa kumi na moja. Tunamaliza leo."

Omolo alikuwa inspekta wa kikosi cha polisi. Kawangware palikuwa na stoo ya mitumba ambayo kila robota la tatu lilibeba bastola katikati ya sweta. Mwenye stoo aliitwa Gachanja, na watu wa Omolo walimwogopa kwa sababu alishapiga risasi polisi wawili. Mlangoni mwa stoo hiyo alisimama mlinzi mwenye bastola, na mlinzi huyo alikuwa mtu wa Nanyama. Alimwingiza mwenyewe miaka mitano iliyopita. Alimwahidi kwamba siku ya mwisho atatoka akitembea kwa miguu yake.

"Niunganishe na Omolo. Nataka nimwambie juu ya mtu wangu."

Sauti ya Omolo ikaja na mkwaruzo. "Sema, madam."

"Mlinzi wa mlangoni ni wetu. Ana kovu refu shavuni. Asiguswe."

Kisha Omolo akasema taratibu, "Kovu shavu la kushoto?"

"Hilo."

"Madam, huyo ndiye niko na picha yake hapa. Imetoka kwa mashine yenu mpya asubuhi hii. Gachanja, mwenye stoo. Akishika silaha, vijana wangu hawangoji. Nimewaonyesha huo uso mmoja mmoja."

Nanyama aliweka kikombe chini. Mtu wake hushika silaha. Kushika silaha ndiyo kazi aliyoajiriwa.

*

"Mashine inasema mmoja," Simeon alisema redioni. "Nimeangalia mimi mwenyewe. Jotham Gachanja, amezaliwa elfu moja mia tisa na sitini, Kawangware. Msafirishaji. Na picha ina kovu."

"Ni wawili, mkubwa. Wangu na huyo."

"Mashine inasema mmoja."

"Angalia faili za karatasi."

"Karatasi tulichoma mwezi jana. Ndiyo maana ya kuwa na mashine."

"Basi chukua neno langu."

"Nanyama," Simeon alisema, na kwa kuwa alitumia jina lake redioni, Nanyama alijua kwamba anaomba radhi, "neno nimeletewa na watu wengi kuhusu huyu Gachanja, na nusu yao alikuwa amewanunua. Nikisimamisha kazi halafu awe ndiye, kesho hizo bunduki zinalala mitaani. Niletee uso. Uso wa huyo mwingine, na jina lake chini yake. Nitamwambia Omolo."

Akakata.

Akoth alikuwa amesikia yote.

"Wote wawili wanaitwa Jotham Gachanja?"

"Wote wawili."

"Na wamezaliwa mwaka mmoja? Kawangware?"

"Shamba moja."

Akoth akafunika uso kwa viganja.

"Database ya zamani ilikuwa inampa kila mtu namba yake, yenyewe. Hii mpya haina hiyo kitu. Ikabidi mimi nitengeneze cha kuwatofautisha. Nikachukua jina lote, mwaka wa kuzaliwa, na mahali. Vitu vitatu."

"Jina la baba?"

"Kwa watu wenu haliandikwi, ni sheria yenu. Na hii mpya haitaki sehemu ya ufunguo, hicho cha kuwatofautisha, ikae tupu. Nikaliacha."

"Na watu wawili wakilingana?"

"Wa pili anakalia kiti cha wa kwanza. Haipigi kelele, niliiambia isipige ndio kazi isikwame. Maandishi yalienda kwanza, picha nikapeleka baadaye, kwa mpangilio mwingine. Kwa hivyo maneno yaliyobaki ni ya yule mbaya. Na picha iliyobaki ni ya mtu wako."

Nanyama aliangalia mawingu yakijikusanya upande wa Ngong.

"Mzee Jotham Gachanja alikuwa na shamba Kawangware kabla hapajajaa nyumba za kupangisha," alisema. "Alikuwa na vijana watatu. Kila mmoja alipopata mtoto wa kiume wa kwanza akampa jina la babake, lote, hadi la ubatizo. Ndivyo Wakikuyu wanafanya, ni heshima. Kwa hivyo kuna akina Jotham Gachanja watatu kwa boma moja, na hakuna mtu wa pale anachanganyikiwa. Wangu ni Gachanja wa Mbugua. Mwenye stoo ni Gachanja wa Njuguna. Binamu yake."

"Kwetu mimi ni Akoth kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha," Akoth alisema kwa sauti ndogo. "Ndugu yangu ni Omondi, alfajiri. Nilifikiri watu wa nyumba moja hawawezi kulingana majina yote. Haikunijia kabisa."

Aliumia, na Nanyama aliona anavyoumia. Hakukuwa na muda wa kumbembeleza.

"Hiyo kanda inasomeka wapi?"

"Inataka ile database ya zamani. Niko nayo moja ya majaribio. Si kwangu Ayany, kule ndiko walinivizia. Nilificha mahali hakuna mtu atatafuta kompyuta."

*

Mashine ilikuwa Gatwekera, nyumbani kwa shangazi yake Akoth, chini ya kitambaa cha mezani chenye maua. Kuta zilikuwa za udongo, paa la mabati, na Compaq ilikaa kati ya cherehani na picha ya Yesu. Pembeni palikuwa na printa ndogo ya Canon. Umeme ulifika kwa waya mmoja uliopita juu ya nyumba za plot nzima.

"Anti Aluoch, huyu ni madam wa kazini," Akoth alisema.

"Karibu, nyathina, mwanangu. Kaa hapo, toa hizo nguo."

Akoth akaingiza kanda ya Sony. Taa ya kijani ikawaka. Kioo kikajaa herufi. Kisha balbu ya chumbani ikafifia ikawa nyekundu, na mashine ikalia mlio mmoja mbaya.

"Mtu ameweka koili," Aluoch alisema. "Ni Whitney wa pale nyuma, anachemsha maharagwe."

"Ikizima nitaanza upya," Akoth alisema. "Hatutafika."

Aluoch alikuwa ameshatoka. Walimsikia akigonga mlango mmoja baada ya mwingine kwenye ule mstari. Alisema kwa Kijaluo, akasema kwa Kiswahili, akasema kwa Kiluhya cha kuazima. Zimeni koili. Zimeni pasi. Zima hiyo redio, Ken, si utakufa. Mmoja akauliza ni kwa nini. Aluoch akamwambia ni mtu anataka kuuawa na umeme wake ndio unaomwua. Hakujua ni mtu gani. Alikuwa amesikia nusu tu, ikamtosha.

Maharagwe ya plot nzima yalisimama.

Balbu ikarudi nyeupe.

"Inasoma," Akoth alisema. Vidole vyake vilikimbia. "Haya. Jotham Gachanja, namba moja. Jotham Gachanja, namba nyingine."

Nyuso mbili zikatokea kando kwa kando. Mmoja ana kovu, amekonda, anaangalia kamera kama mtu anayeomba asamehewe. Mwingine amejaa mashavu na anatabasamu. Nanyama aliutazama ule wa kovu. Alimpiga picha hiyo mwenyewe, siku alipomwingiza kazini.

"Chapisha zote mbili."

Canon ikaanza kutema karatasi, mstari kwa mstari, bila haraka.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa yule wa pili wa Toi, aliyekimbia, akiwa na kisu safari hii. Alikuwa amewafuata na miguu yake ilikuwa imejaa tope la mtaro. Nanyama akageuka, goti likagoma, na mkono wake ukachelewa kwenye Ceska.

Aluoch hakuchelewa. Kwa vile pasi za umeme alikuwa amezikataza, alikuwa ananyoosha kwa ya makaa. Akaiweka juu ya mkono wa kisu, akaikandamiza kidogo, kama anavyofanya kwa kola.

Mtu huyo alipiga ukemi uliosikika mpaka reli.

"Si ungebisha hodi," Aluoch alimwambia.

Nanyama akamfunga kwa futi ya ushonaji na waya wa pasi iliyoharibika. Akoth akachomoa karatasi.

"Naenda na wewe," alisema.

"Hapana."

"Kosa ni langu, madam. Siwezi kukaa hapa nikikunywa chai."

Nanyama alichoka hata kubisha. Wakaondoka.

*

Peugeot 504 ya Kitengo ilikuwa nzee na ilipenda kuzima kwenye foleni. Barabara ya Ngong ilikuwa imesimama. Nanyama akapanda ukingo wa barabara, akapita wauza miche na wauza vitanda, akarudi lami, akaingia Naivasha Road. Hapo mvua ikaanguka yote kwa pamoja.

"Jiko, Mwiko. Ninazo nyuso mbili. Mwambie Omolo asubiri."

Mkwaruzo.

"Jiko, unanipata?"

"...wiko ... husikiki ... mvua ..."

Akaichomoa redio kwenye kola, akaitupa kitini.

Kikosi kilikuwa nyuma ya lori la mawe, mkabala na stoo. Wanne wamelala juu ya paa la baa na bunduki za G3. Nanyama aliegesha mbali, akakimbia kadri goti lilivyomruhusu, karatasi ndani ya blauzi. Omolo alikuwa amechuchumaa, maji yanamtiririka kwenye kofia. Alikuwa mtu mwaminifu, na uso wake ulionyesha kwamba hakulala.

"Hii hapa," Nanyama alisema. "Mbili. Angalia mwenyewe."

Akazikunjua.

Wino wa Canon ulikuwa umekutana na mvua na jasho. Nyuso zote mbili zilikuwa zimeyeyuka zikawa doa moja jeusi. Omolo alitazama, akamtazama yeye.

"Madam, hii ni supu."

"Ni wawili, Omolo. Nakuapia."

"Mimi nakuamini kama mtu. Lakini mkubwa hajaniambia kitu, na niko na vijana wanne juu pale wana wake na watoto. Yule akiinua hiyo chuma, watapiga. Mimi siwezi kuwaambia wangoje wapigwe kwanza."

Pickup nyeupe ilikuwa inarudi kinyumenyume kwenye mlango wa stoo. Brandt akashuka, mwavuli mkononi. Mwenye stoo, mashavu yamejaa, akatoka kumlaki akiwa amevaa aproni ya mfanyakazi, mnyenyekevu kabisa. Nyuma yake akatoka mtu mwembamba mwenye kovu. Kama kila siku mzigo unapoingia, akachomoa bastola yake na kusimama mlangoni.

Omolo akainua mkono. Juu ya paa bunduki nne zikatulia.

Nanyama hakufikiria sana. Angefikiria angekaa.

Alitoka nyuma ya lori akaingia barabarani, mikono mitupu, akichechemea kwenye tope kama mama anayedai kodi yake. Akasimama katikati, kati ya bunduki na mlango. Mvua ilimpiga usoni. Akajaza kifua hewa, akaita kama wanavyoita pale, kwa jina moja.

"Gachanja!"

Mwenye kovu akageuza kichwa.

Mwenye mashavu akageuza kichwa.

Na ng'ambo ya barabara, kwenye buchari, mtu mwenye koti jeupe la damu aliacha kukata mbavu, akachungulia kwenye dirisha lake.

"Unaita yupi, mathe?"

Mkono wa Omolo ulibaki hewani. Aliwahesabu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu makini, akawahesabu tena.

"Msipige," akasema. "Yeyote asipige. Wako watatu, Bwana."

Gachanja wa Njuguna alikuwa mwepesi kuelewa. Alimwona mwanamke asiyemjua, akaona lori, akaona kofia nyuma ya lori. Mkono wake ukaingia ndani ya robota lililokuwa kwenye pickup na kutoka na bastola.

Gachanja wa Mbugua alikuwa karibu zaidi. Kwa miaka mitano alikuwa amesimama nyuma ya huyo binamu yake. Walizaliwa mwaka mmoja, wakachunga mbuzi wale wale, wakachapwa na babu mmoja. Akampiga kwa kitako cha silaha kwenye kiwiko. Risasi ikaenda kwenye mwavuli wa Brandt. Nanyama akachomoa Ceska, akafyatua mara moja, chini, na mwenye stoo akakaa kwenye tope akishika paja lake.

Brandt akatupa alichobakiwa nacho cha mwavuli, akakimbilia mlango uliokuwa wazi. Ulikuwa wa buchari. Gachanja wa tatu, ambaye hakuelewa chochote tangu mwanzo, alisimama mbele yake na kisu cha mbavu.

"Unataka kilo ngapi?" alimwuliza.

Mzungu akanyoosha mikono juu.

*

Mvua ilipungua ikawa manyunyu. Vijana wa Omolo walikuwa wanapasua marobota, wanatoa bastola kwenye sweta za watoto na kuzipanga juu ya turubai. Gachanja wa Mbugua alikaa juu ya robota lisilofunguliwa. Nanyama akakaa kando yake. Alitamani kumwambia kitu kizuri, akaishia kumpa leso.

"Nimempiga ndugu yangu," Gachanja alisema.

"Yuko hai."

"Najua. Nimempiga tu."

Redio ilikuwa imepona. Akoth aliileta kutoka garini, begi la kijani begani.

"Mwiko, Jiko." Simeon alikuwa anatafuna kitu. "Omolo ameniambia. Kazi nzuri. Sasa sikia. Mashine ina Gachanja mmoja, na huyo tumemkamata. Rekodi imefungwa, wakubwa wamefurahi. Usiniongezee mwingine leo."

"Na mtu wetu?"

"Kwa mashine hayupo. Wewe amua kama unataka awepo. Mimi sitauliza."

Nanyama akapunguza sauti ya redio. Akoth alikuwa anamtazama Gachanja, uso kwa uso kwa mara ya kwanza, kovu na yote. Machozi yalimlenga.

"Nisamehe, ndugu yangu. Ni mimi nilikupoteza. Lakini kila kitu chako kiko hapa kwa kanda. Nipe usiku mmoja. Nitakurudisha kama ulivyokuwa, ripoti zote, kila kitu."

Gachanja alikunja leso taratibu. Mbele yao binamu yake alikuwa anabebwa, anamtukana babu yao kwa jina ambalo lilikuwa la wote.

"Nikirudi humo, kuna mtu anaweza kunitafuta anipate?"

"Wa Kitengo tu," Akoth alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akaongeza, "Na yeyote atakayeingia baada ya Brandt."

"Na nisiporudi?"

"Hakuna kitu. Hujawahi kufanya kazi hii. Hatutakudai na hautatudai."

"Hata kunitumia tena hamwezi?"

Akoth alimwangalia Nanyama.

"Hatuwezi," Nanyama alisema. "Hatujui wewe ni nani."

Gachanja akasimama. Akaweka bastola juu ya turubai pamoja na zingine, mstari ulionyooka, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. Kisha akavuka barabara kwa miguu yake, akapita mbele ya buchari, akasalimiana na yule binamu wa tatu kwa mkono, akaingia kwenye vichochoro vya Kawangware bila kugeuka.

Akoth alifungua begi, akaitoa kanda, akaishika.

"Itabidi nirudi kwa hao wengine," alisema. "Lazima kuna wengine waliopotea hivyo. Majina ya babu ni mengi nchi hii. Nitaweka sehemu ya jina la baba hata kama ni alama tu. Na picha ya huyu wa leo nitairekebisha. Lakini yeye nitamwacha, sivyo?"

"Mwache."

Nanyama aliinuka. Goti lilipiga mlio. Alisimama kidogo akiangalia kichochoro alikoingia Gachanja, na wivu uliomjia ulikuwa mkubwa hata ukamshangaza.

"Akoth, na mimi? Kwa hiyo mashine mpya. Sijalingana na mtu?"

Akoth akatafakari swali kwa uaminifu, kama fundi.

"Hapana, madam. Wewe nilikuangalia mwenyewe. Uko vizuri kabisa. Jina lako ni moja tu."

"Sawa," Nanyama alisema.

Akapandisha kola ya blauzi iliyolowa, akaelekea kwenye Peugeot. Redio ilikuwa imeshaanza kumwita.